Mwenye Kisu Ndiye Alaye Nyama

Pana jambo ambalo limekuwa likitendeka mashambani mwetu mwaka nenda mwaka rudi, na ambalo halijapata kuzungumzwa kwa kina kinachostahili. Mtu husikia kwamba nguruwe analipa. Hulisikia sokoni, hulisikia redioni, hulisikia katika semina ambako mtaalamu ameandika hesabu ubaoni, na hesabu hiyo haina dosari hata moja. Basi huchukua mkopo, hujenga banda, hununua majike mawili au matatu, na baada ya mwaka mmoja banda limejaa. Hapo ndipo anapogundua kwamba hana mahali pa kuwapeleka. Mwaka wa pili ukiisha banda li tupu, mbao zake zimeng'olewa na kugeuzwa kuni, na jirani yake, aliyeona bei imeanza kupanda tena, anachanganya saruji ili ajenge lake.

Wako maafisa wanaopenda kusema kwamba mkulima wa namna hii ni mvivu, au hana maarifa, au ana pupa. Mimi sikubaliani nao. Nashikilia kwamba kosa si la mnyama, wala si la anayemlisha. Kosa limo katika jinsi soko lenyewe lilivyojengwa, na hasa katika swali moja ambalo mabwana wa semina hawaliulizi: ni nani mwenye mizani, na ni nani mwenye kichinjio?

Nafahamu fika kwamba miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu wamo Waislamu, na Wakristo wa madhehebu kama vile ya Waadventista, ambao nyama hii ni haramu kwao. Sikusudii kumshawishi yeyote ale asichokila. Hapa ninazungumzia riziki za wananchi wenzetu, na funzo lililomo ndani yake lamhusu pia mfugaji wa kuku, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mkulima wa majani chai. Hali kadhalika, huu si ufugaji mkubwa kwetu. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu nguruwe wapatao 330,000 nchini, ilhali ng'ombe walipita milioni 17. Lakini ni ufugaji ambao maskini huuingia kwa urahisi, kwa kuwa hauhitaji ardhi kubwa, na ndiyo sababu hasara yake huwaangukia wale wasioweza kuibeba.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Nguruwe jike hubeba mimba kwa siku 114, hazitimii miezi minne. Huzaa watoto wanane, kumi, hata kumi na wawili kwa mkupuo. Mtoto aliyelishwa vyema hufikia uzani wa kuuzwa, kilo 90 hadi 100, akiwa na umri wa miezi sita hivi. Hakuna ng'ombe wala mbuzi awezaye kushindana naye kwa kasi hiyo. Kwa hiyo wanaomsifu hawasemi uongo.

Ila sifa hiyo hiyo ndiyo mtego. Tangu siku jike anapopandwa hadi siku mtoto wake anapouzwa hupita miezi kumi. Mkulima huamua kwa kutazama bei ya leo, lakini atauza kwa bei ya mwaka ujao. Na kwa kuwa majirani zake wote wametazama bei ile ile na kuamua vivyo hivyo, wote hufika sokoni siku moja. Bei huporomoka. Kwa hofu, watu huchinja hata majike ya kuzalisha. Mwaka unaofuata nguruwe huadimika, bei hupanda, na ngoma huanza upya. Mwanauchumi wa Ujerumani, Arthur Hanau, alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1920, na tangu hapo wanauchumi huutaja mzunguko wa nguruwe hata wanapozungumzia bidhaa zisizo na kwato wala pua.

Katika mzunguko huo si wote wanaoumia sawasawa. Mwenye mahindi akiona bei ni mbaya anaweza kuyatia ghalani akasubiri. Mwenye nguruwe hawezi kusubiri. Chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama yote ya ufugaji huu, na mara nyingi hufika robo tatu. Mnyama aliyekwisha kufikia uzani wa kuuzwa huamka kila asubuhi akidai chakula chake kama kawaida, na kila siku anayobaki bandani anakula faida ya bwana wake, kisha anakula mtaji. Akizidi kunenepa, mafuta humzidi na mnunuzi humkataa au humpunguzia bei. Mnunuzi anayajua yote haya. Akisema, "Nitakuja wiki ijayo," anajua kwamba wiki hiyo moja itamlainisha mwuzaji kuliko maneno yoyote ya kubembeleza. Mwenye chumba cha barafu anaweza kungoja, na mwenye kichinjio anaweza kugeuza nyama kuwa soseji, hemu na bekoni akaiuza polepole. Asiye na chochote ila banda lililojaa midomo inayolia njaa hana budi kupokea anachopewa.

Historia ya nchi hii inatuonyesha kwamba kisu hakijapata kuwa mkononi mwa mfugaji mdogo. Ufugaji wa nguruwe wa kibiashara uliletwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20, na kiwanda chao kikajengwa Uplands, karibu na Limuru, kando ya reli. Kwa miaka mingi jina Uplands lilikuwa na maana moja tu kwa wakazi wa mijini: bekoni na soseji. Kwa wafanyakazi jina hilo lina maana nyingine. Mnamo Septemba 1947 wafanyakazi wa kiwanda hicho waligoma, polisi wakawafyatulia risasi, na watu watatu wakafa. Huo ulikuwa ni mwezi mmoja tu baada ya serikali ya kikoloni kumkamata Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi. Nalitaja tukio hilo kwa sababu latukumbusha kwamba kiwanda cha nyama hakikuwa mashine tupu. Kilikuwa mamlaka. Aliyekishika alipanga mshahara wa anayechinja na bei ya anayefuga.

Baada ya Uhuru kiwanda kilibaki, na wakulima Waafrika waliorithi mashamba na mifugo wakaanza kupeleka nguruwe wao pale pale. Katika miaka ya 1980 kikaporomoka, kama yalivyokuja kuporomoka mashirika mengi ya umma yaliyokuwa yakinunua mazao ya mkulima. Wakati huo kampuni ya kibinafsi ya Farmer's Choice, iliyoanza mwaka 1980, ilikuwa imekwisha kuchipuka, nayo ikakua hadi ikawa msindikaji mkubwa kuliko wote nchini, yenye mashamba yake na wakulima wanaoiuzia kwa makubaliano. Siilaumu kampuni kwa kuwa kubwa. Kampuni hufanya linaloifaa: yataka mnyama wa uzani fulani, asiye na mafuta mengi, afike siku fulani. Mkulima awezaye kutimiza masharti hayo hupata mnunuzi. Asiyeweza hubaki nje, na kule nje ndiko waliko walio wengi.

Huko nje hali ikoje? Kumekuwa na mageuzi makubwa ambayo wengi wetu tumeyaona kwa macho. Zamani nyama ya nguruwe ilikuwa chakula cha hoteli za watalii na cha meza za Wazungu. Leo iko katika bucha za mitaa ya Nairobi, Kiambu na miji ya magharibi, ikikaangwa na kuchomwa na kuliwa kwa ugali na kachumbari na vijana ambao babu zao hawakuwahi kuionja. Soko limepanuka. Lakini njia ya kulifikia haikupanuka. Vichinjio vyenye ruhusa ya kuchinja nguruwe ni vichache na viko mbali na wafugaji wengi, kwani mnyama huyu hachinjwi pamoja na ng'ombe na mbuzi. Kati ya banda na bucha husimama dalali mwenye pikipiki au gari dogo, mwenye nambari za simu za wenye bucha, na mwenye jicho.

Nasema jicho kwa sababu hiyo ndiyo mizani yake. Nimeshuhudia biashara hiyo ikifanywa zaidi ya mara moja. Dalali humtazama mnyama, humpapasa mgongo, hukunja uso kana kwamba ameona ugonjwa, kisha hutaja bei. Mwenye mnyama hana namna ya kumpinga, kwa kuwa hajui nguruwe wake ana kilo ngapi. Watafiti waliofanya kazi miongoni mwa wafugaji wa magharibi mwa Kenya walichapisha mwaka 2011 matokeo yaliyoonyesha kwamba wafugaji wengi huukadiria uzani wa wanyama wao kuwa mdogo kuliko ulivyo. Wakaonyesha pia kwamba mtu akiwa na utepe wa fundi wa cherehani, akapima urefu wa nguruwe na mzingo wa kifua chake, anaweza kuukaribia uzani wake wa kweli. Utepe wa fundi hauna thamani ya hata nusu kilo ya nyama. Na bado wako wafugaji wetu wengi wanaouza bila kupima kitu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza kwamba mali bila mizani huisha mbele ya macho ya mwenyewe.

Tena liko jambo la maradhi, ambalo wengi hulitenga na soko ingawa ni ndugu wa tumbo moja. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kwa mara ya kwanza na daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery mwaka 1921, na nchi aliyoieleza ni hii yetu. Aliona nguruwe wa walowezi wakifa karibu wote, ilhali ngiri wa porini hubeba virusi hivyo bila kuugua, na papasi wanaoishi mashimoni mwao huvihamisha. Binadamu haambukizwi. Lakini kwa nguruwe hakuna tiba. Wafugaji wa wakati ule waligundua kwamba mnyama aliyefungiwa nyuma ya ua, mbali na ngiri, husalimika. Ua ungali ndio kinga kuu hata leo. Siku hizi, hata hivyo, si ngiri anayeyaleta maradhi kijijini. Mara nyingi yaletwa na makombo ya hotelini yenye vipande vya nyama, na viatu na magari ya watu wanaozunguka kutoka banda hadi banda wakinunua.

Hebu tazama jinsi soko linavyoieneza homa hiyo. Fununu ikisikika kwamba nguruwe wamekufa kijiji cha pili, mfugaji asiye na tumaini la fidia hufanya jambo la busara kwake na la hatari kwa wote: huuza upesi, kwa bei yoyote. Dalali hununua kwa bei ya kutupa, huwasafirisha usiku, na virusi husafiri pamoja nao. Anayetangaza ugonjwa hupata karantini na hasara. Anayeuficha hupata angalau fedha kidogo. Maadamu tumeweka mambo kwa mpango huo, tusishangae kwamba watu huficha.

Virusi hivyo vya Afrika havikubaki Afrika. Vilifika Ureno mwaka 1957, vikaingia Hispania, ambayo haikuvimaliza hadi mwaka 1995. Mwaka 2007 vikazuka Georgia, na mwezi Agosti 2018 vikatangazwa China, nchi yenye karibu nusu ya nguruwe wote wa dunia. Katika muda wa mwaka mmoja hivi China ilipoteza sehemu kubwa ya nguruwe wake, na bei ya nyama hiyo ikapanda zaidi ya maradufu. Na nani aliyejaza pengo? Si mwanakijiji aliyepoteza nguruwe wake watano. Pengo lilijazwa na makampuni yenye mtaji wa kujenga mabanda yaliyofungwa pande zote. Huko Ezhou, mkoani Hubei, limejengwa hata jumba la nguruwe lenye ghorofa 26. Maradhi yalipita kama fagio, yakawaondoa wadogo, na walipotaka kurudi walikuta nafasi zimekwisha kukaliwa.

Tusidhani, basi, kwamba masaibu haya ni yetu peke yetu au kwamba yatokana na ujinga wa Mwafrika. Wako wakulima waliosoma kuliko sisi, wenye matrekta na benki zao, ambao kisu kiliwaponyoka mikononi. Nazungumza juu ya Marekani.

Mwaka 1980 Marekani ilikuwa na mashamba zaidi ya 660,000 yaliyofuga nguruwe. Ilipofika mwaka 2012 yalikuwa yamebaki kama 63,000. Idadi ya nguruwe wenyewe haikupungua. Ilibaki palepale, milioni 60 na kitu. Maana yake ni kwamba wanyama walihama. Walitoka katika mashamba madogo ya jimbo kama Iowa, ambako mkulima aliwafuga pamoja na mahindi yake na kuwaita wakombozi wa rehani ya shamba, wakaingia katika mabanda marefu ya makampuni, hasa jimboni North Carolina. Mwaka 1992 kampuni ya Smithfield ilifungua kichinjio huko Tar Heel ambacho kilikuja kuchinja nguruwe wapatao 32,000 kwa siku. Ili kukilisha kinywa hicho, wakulima walitiwa katika mikataba: kampuni ndiyo mwenye nguruwe na chakula, mkulima ndiye mwenye banda, mwenye deni la banda, na mwenye kinyesi. Mwezi Juni 1995 bwawa moja la kinyesi lilibomoka jimboni humo, na lita zaidi ya milioni 90 za uchafu zikamwagika hadi mto New River.

Kisha ukaja mwaka 1998. Vichinjio kadhaa vilikuwa vimefungwa, wakati nguruwe walikuwa wengi mno. Vilivyobaki vikajaa hadi pomoni. Mwezi Desemba bei ya nguruwe hai ilianguka chini ya dola 10 kwa kila ratili 100, yaani kilo 45 hivi, ilhali kumlea kulimgharimu mkulima karibu mara nne ya kiasi hicho. Tangu siku za Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930 haijaonekana bei kama hiyo. Na je, mlaji dukani alipunguziwa? Bei ya dukani haikutikisika sana. Tofauti ilibaki mikononi mwa wale waliokaa katikati, wenye visu na majokofu. Maelfu ya wakulima waliacha kufuga na hawakurudi tena. Mwaka 2013 Smithfield yenyewe ikanunuliwa na kampuni ya China kwa dola bilioni 4.7. Mkulima wa North Carolina alilala akiwa kibarua wa kampuni ya nchini mwake, akaamka akiwa kibarua wa kampuni ya ng'ambo, wala hakuna aliyebisha hodi kumwuliza maoni yake.

Iko nchi nyingine iliyoanza kwa njia tofauti. Mwaka 1887 Ujerumani ilipiga marufuku nguruwe hai kutoka Denmark. Wakulima wa Denmark, waliozoea kuwasukuma wanyama wao hadi mpakani, walijikuta katika shida ile ile ya wetu: mabanda yamejaa na mlango umefungwa. Mwaka huo huo, katika mji wa Horsens, walianzisha kichinjio chao cha kwanza cha ushirika. Walikopa fedha kwa dhamana ya pamoja. Kila mwanachama alifungwa na ahadi ya kupeleka nguruwe wake pale na si kwingine, hata kama mnunuzi wa pembeni angemwongezea senti mbili. Badala ya kuuza nguruwe hai kwa Mjerumani wakauza bekoni kwa Mwingereza, na faida ya kisu ikarudi kwa waliofuga. Mfano wao ukaenea nchi nzima. Kampuni ya Danish Crown, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nyama hiyo duniani, hadi leo ni mali ya wakulima.

Sitaki kumpaka Mdenmark mafuta kwa mgongo wa chupa. Ushirika haukuyalinda mashamba madogo yasimezwe. Wafugaji waliokuwa makumi ya maelfu wamebaki maelfu machache, tena wakubwa. Siku hizi wengi wao huona heri kuuza vitoto vikiwa hai kwa wafugaji wa Poland na Ujerumani kuliko kuvinenepesha wenyewe, na vichinjio vyao vikakosa wanyama. Mwaka 2024 Danish Crown ilitangaza kukifunga kichinjio cha Ringsted chenye wafanyakazi wapatao 1,200. Ahadi ya kupeleka nguruwe mahali pamoja ikilegea, hata kichinjio cha wakulima hufa njaa. Hata hivyo, tofauti yabaki: mkulima wa Denmark anapokutana na bei mbaya hukutana nayo akiwa na kura mkononi, naye hujua kilichouzwa, kilikouzwa na kwa kiasi gani.

Najua liko jibu ambalo wataalamu wa biashara watanipa. Watasema ukubwa una tija. Kwamba mwenye nguruwe elfu kumi hununua chakula kwa bei nafuu, huajiri daktari wake na hutoa nyama safi kwa bei ambayo maskini wa mjini anaimudu. Watasema mfugaji wa majike mawili ni mzigo wa historia, na kumtetea ni kumtetea mtu wa jembe mbele ya trekta. Hoja hiyo ina uzito na siidharau. Lakini naiuliza swali moja. Huyo atakayeondolewa katika ufugaji aende wapi? Mmarekani aliyeuza nguruwe wake wa mwisho mwaka 1998 alikuwa na kiwanda mjini ambacho pengine kingempa kazi. Mwanamke wa Busia anayefuga nguruwe wawili ili Januari awalipie wanawe karo hana kiwanda kinachomngoja. Isitoshe, sehemu kubwa ya hasara yake haitokani na udogo wake. Yatokana na kukosa mizani, na kichinjio kilicho karibu, na habari ya bei, mambo ambayo hata mdogo angeweza kuwa nayo kama tungetaka.

Wala hatuhitaji kwenda Denmark kutafuta ushahidi kwamba yawezekana. Katika kaunti hiyo hiyo ya Kiambu ambako jengo la Uplands lilisimama, wakulima wa Githunguri walianzisha chama chao cha maziwa mwaka 1961. Katika miaka ya 1990, KCC ilipoyumba na kuwaacha wafugaji bila malipo, wengi nchini walikata tamaa. Wao walivumilia, na mwaka 2004 wakafungua kiwanda chao cha kusindika maziwa. Maziwa huharibika upesi kuliko nguruwe anavyonenepa, na bado yalipata wenyewe. Nini kinachozuia nyama?

Kwanza, naona yatupasa tuisome Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010. Jedwali lake la Nne limeyataja majukumu ya kaunti, na humo mna masoko ya mifugo, vichinjio vya kaunti na udhibiti wa maradhi ya wanyama. Magavana wetu wamejenga malango yenye majina yao na viwanja vyenye majukwaa. Kaunti yenye wafugaji wengi wa nguruwe yapaswa kuwa na kichinjio kimoja safi cha nguruwe chenye mkaguzi, maji na chumba cha barafu, na kisha ikikodishe kwa chama cha wafugaji, si kwa mjomba wa mtu. Kujenga bila kukabidhi kwa wenyewe ni kumjengea dalali ofisi.

Pili, mizani iwekwe kila soko la mifugo, na iwe ni kosa kununua nguruwe sokoni bila kumpima. Hatukubali kununua sukari kwa jicho. Kwa nini tukubali kuuza jasho la miezi kumi kwa jicho? Na pale ambapo mizani haijafika, afisa wa mifugo afike na utepe, awafundishe watu kuutumia.

Tatu, serikali iweke mfuko wa fidia kwa anayetangaza homa ya nguruwe bandani mwake. Fidia si hisani. Ni bei ya kununua ukweli. Shilingi inayolipwa kwa aliyesema mapema huokoa shilingi nyingi za vijiji ambavyo virusi havitafika.

Nne, na hili lawahusu wafugaji wenyewe, ushirika bila nidhamu ni jina tu. Chama ambacho wanachama wake hukimbilia dalali kila anapowaongezea kidogo hakitadumu mwaka. Wadenmark wa Horsens hawakufaulu kwa sababu walipendana. Walifaulu kwa sababu walitia sahihi ahadi na kuitimiza hata siku ilipowauma, na kwa sababu vitabu vya hesabu vilikuwa wazi kwa kila mwanachama. Sisi tumeona vyama vingi vikifilisiwa na makatibu walionona kuliko mifugo. Mkaguzi wa hesabu ana kazi katika chama kama aliyo nayo mkaguzi wa nyama katika kichinjio.

Bei ya nguruwe itapanda tena na itashuka tena. Hakuna waziri wala gavana awezaye kuuzuia mzunguko huo, kwa kuwa umefungwa katika siku 114 za mimba na miezi sita ya kunenepesha. Kinachoweza kubadilishwa ni nani anayebaki amesimama unapopita. Ikiwa mambo yataendelea yalivyo, wafugaji wadogo watazidi kuingia kwa wingi bei ikiwa juu na kutoka kwa wingi bei ikiwa chini, wakiacha kila mara nyuma yao mkopo usiolipwa na banda lililobomolewa, hadi siku moja wachache wenye kuta ndefu na majokofu watakapobaki peke yao, kama ilivyokuwa kwingineko. Wahenga hawakusema kwamba mwenye nguruwe ndiye alaye nyama. Walisema ni mwenye kisu kikali. Wafugaji wetu wamekwisha kuonyesha kwamba nguruwe wanaweza kuwalea. Sasa na wakinunue kisu, wakinunue kwa pamoja, na serikali za kaunti ziwaonyeshe mahali pa kukinolea.